Nukta Iliyopanda Mlima Usio Wake

Nimepotea kidogo, najua. Kuna aliyeniuliza kama nimeacha kuandika programu nikaenda kufuga kuku. La, bado niko. Ila miezi hii nimekuwa nikishinda na majani makavu na watu waliokufa zamani, na nimejifunza jambo ambalo chuo kikuu hawakunifundisha, ama walinifundisha siku ile niliyokuwa nimelala nyuma ya darasa. Chukua kikombe cha chai, maana leo nitaandika kwa urefu.

Ilianza hivi. Chuo kimoja (jina nalihifadhi) kina chumba cha sampuli: mimea iliyokaushwa, vyura ndani ya chupa, wadudu waliodungwa pini. Si chumba kikubwa. Kwa jumla ni sampuli kama elfu nne hivi, na habari zake zilikuwa zimeandikwa kwenye Excel na wanafunzi wa miaka tofauti, kila mmoja na mtindo wake. Wakaniambia, tuwekee sampuli zetu kwenye ramani, kisha tuweze kuwagawia wenzetu wa kwingine. Nikasema hiyo ni kazi rahisi. Nimewahi kutengeneza ramani ya vituo vya mafuta, nimewahi kutengeneza ramani ya maduka ya jumla, jani litanishinda? Nikawaambia wiki tatu.

Wenzangu wa fani hii, acheni kucheka.

Ngoja kwanza nieleze kwa nini mtu atake jani kavu liwe kwenye ramani, maana hata mimi nilikuwa sijui. Sampuli ya makumbusho si pambo. Ni ushahidi kwamba kiumbe hiki kilikuwa mahali hapa, siku hii. Msitu ukishakatwa, ushahidi unaobaki ni karatasi ile ngumu yenye jani lililobandikwa na lebo ndogo pembeni: jina la mmea, jina la aliyeuchuma, namba yake, tarehe, mahali, na mara nyingine kimo kutoka usawa wa bahari. Ukiwa na lebo elfu moja za mmea mmoja zilizokusanywa kwa miaka mia moja, unaweza kuona mmea ukirudi nyuma, mlima kwa mlima. Bila mahali, una jani tu.

Na sampuli zenyewe hazidumu milele. Mwezi Machi 1943 mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya mimea ya Berlin, pamoja na sampuli nyingi zilizochumwa katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kilichosaidia kidogo ni kwamba wakusanyaji wa mimea wana desturi ya kugawa nakala za mmea mmoja kwa hifadhi mbalimbali. Hifadhi iliyoanzishwa na Wajerumani pale Amani, Usambara, mwaka 1902, ilihamishwa hadi Nairobi mwaka 1950, na ndiyo leo inaitwa East African Herbarium. Tarehe 2 Septemba 2018 ilikuwa zamu ya makumbusho ya taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, moto wa usiku mmoja. Kwa hivyo hoja ya kugawana habari za sampuli ina maana sana. Anayegawa leo huenda kesho akaomba nakala ya chake mwenyewe.

Kugawana kwenyewe kumeshapata njia. Kuna mtandao wa kimataifa unaoitwa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001, makao yake Copenhagen, na mwaka 2022 ulivuka rekodi bilioni 2 za viumbe. Kuna lugha ya pamoja ya kuandikia rekodi hizo, Darwin Core, iliyopitishwa rasmi mwaka 2009, ili safu ya "mahali" ya kwangu na ya mtu wa Peru zisomeke kwa programu moja. Nilipoiona hiyo nikafurahi kama mtu aliyepata unga umeshasagwa. Kazi yangu, nikajiambia, ni kuhamisha Excel iingie PostgreSQL, niongeze PostGIS, nichore ramani kwa Leaflet, basi.

Nikachora. Nukta zikatokea. Kisha nikasogeza ramani nione dunia nzima, na hapo nikajua kuna shida.

Vyura wetu kadhaa wa Nairobi walikuwa wakiishi katika bahari ya Mediterania, kusini mwa Uhispania. Huyo alikuwa mimi: nilibadilisha nafasi za latitudo na longitudo, na PostGIS hutaka longitudo ije kwanza. Nikarekebisha. Wengine wa Nairobi walikuwa karibu na Maralal, kwa sababu aliyeandika Excel aliacha alama ya kutoa mbele ya latitudo, na Nairobi iko kusini ya ikweta. Kwa kosa hilohilo sampuli za Mombasa zilikuwa zimevuka mpaka zikaingia Ethiopia. Sampuli zisizo na namba yoyote zilikuwa zimekusanyika kwenye sifuri, sifuri, yaani katika Ghuba ya Guinea, huko magharibi ya Afrika, mahali ambapo nadhani pana mkusanyiko mkubwa kuliko makumbusho yote duniani, kwa jinsi waandishi wa programu wa kila nchi wanavyopatupia vitu.

Haya ni makosa mazuri, kwa maana kwamba yanaonekana. Chura akiwa baharini hata mtoto atakuambia kuna kosa. Makosa yaliyonisumbua ni yale yanayofanana na ukweli. Mtu aliandika 3.30 akimaanisha nyuzi 3 na dakika 30, programu ikasoma nyuzi 3 na desimali 3. Tofauti ni kilomita kama 22, na bado uko Kenya, bado uko kwenye milima, nani atashuku? Na hili je: ramani zetu za zamani za karatasi, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya simu yako hutumia WGS84. Mifumo hii miwili haikubaliani juu ya umbo la dunia. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukazibandika kwenye ramani ya mtandaoni bila kuzigeuza, nukta hukosea kama mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Mita 300 kwa lori si kitu. Kwa kimmea kinachoota kwenye ukingo wa kijito kimoja tu, ni ng'ambo ya pili.

Majina nayo yana vituko vyake. Lebo zetu za zamani zina Fort Hall, ambayo ni Murang'a. Thomson's Falls, ambayo ni Nyahururu. Ziwa Rudolf, ambalo lilipewa jina la Turkana mwaka 1975. Lakini hayo ni rahisi, unatengeneza jedwali la majina ya zamani na mapya. Kuna lebo moja ya mwishoni mwa karne ya 19 iliyosema "Uganda" na mahali pakatajwa kuwa ni Ravine. Nikaiweka Uganda. Kumbe mpaka mwaka 1902 nchi yote ya kutoka Naivasha kwenda Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda! Mmea haukusogea hata hatua moja, ni mpaka uliosogea juu yake.

Wiki tatu zilikuwa zimeisha zamani.

Sasa nifike kwenye kosa langu lenyewe, lile lililonifanya niandike haya.

Baada ya kusafisha zile zenye namba, zilibaki sampuli mia kadhaa zenye maneno tu: "karibu na Voi", "njia ya Kitui", "milima ya Teita". Nikazipitisha kwenye huduma moja ya mtandaoni ya kutafuta mahali kwa jina, nayo ikazirudisha na nukta. Ila nukta zenyewe zilikuwa katikati ya miji. Mmea wa msitu wa mvua ukaketi stendi ya basi. Nikaona hapa ndipo nionyeshe shahada yangu. Lebo nyingi zilikuwa na kimo, kwa futi. Nami nilikuwa na data ya vimo vya dunia, ile iliyopimwa na chombo cha anga cha Marekani kwa siku 11 za Februari mwaka 2000, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Nikaandika programu fupi: anza kwenye mji uliotajwa, tafuta sehemu ya karibu kabisa yenye kimo kilichoandikwa kwenye lebo, hamishia nukta hapo.

Ilifanya kazi vizuri mno. Nukta zikaondoka mijini zikapanda milima, moja baada ya nyingine, kama watu waliosikia mbiu. Nilikaa nikizitazama saa sita ya usiku nikicheka peke yangu.

Siku ya kuonyesha kazi, watu walipiga makofi. Mzee anayetunza sampuli hakupiga. Ni mstaafu, huja Jumanne tu, na amewahi kutembea kwa miguu sehemu nyingi ambazo mimi nimeziona kwa setilaiti. Alisogelea ukuta tulipomulika ramani, akaweka kidole kwenye nukta moja juu ya mlima Sagalla, kusini ya mji wa Voi.

"Hii ameiweka nani?"

"Mfumo, mzee."

"Mfumo haujawahi kufika Voi."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Akauliza kama anaweza kuiona lebo, nikamwambia iko kwenye orodha, tutaipitia Jumanne ijayo. Nilidhani ni yale ya wazee kutopenda mashine. Mungu anisamehe.

Kabla Jumanne haijafika, dada mmoja anayesomea shahada ya uzamili katika chuo hicho alikuwa ameifungua ramani. Utafiti wake unahusu mmea fulani mdogo wa msituni (sitautaja jina, na sababu yake nitaisema mbele). Sampuli za mmea huo ni chache mno. Akaona nukta mpya, Sagalla, mahali ambapo hakuna kitabu kilichowahi kuutaja. Akabofya. Ikampa latitudo na longitudo yenye desimali sita. Je, unajua desimali sita ni nini? Ni sentimita 11. Programu yangu ilikuwa inamwambia msichana wa watu kwamba jani lile, lililochumwa miaka ya 1930, lilitoka kwenye kipande cha ardhi cha upana wa kiganja. Na lebo yenyewe ilisema "karibu na Voi, futi 4,000". Basi. Maneno hayo tu.

Alipanda basi la usiku. Pesa za utafiti alikuwa amezipanga kwa safari mbili, akaitoa moja kwa nukta yangu.

Alinipigia siku ya tatu. Mtandao unakatika, upepo unavuma kwenye simu. "Kaka, nimezunguka hadi nimechoka. Msitu wa asili huku umebaki kipande kidogo, kwingine kote ni mikalitusi na misonobari. Nafikiri umekwisha." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya huzuni. Alikuwa anahuzunikia mmea. Akaniambia atauandika kwenye tasnifu yake: ulikuwepo Sagalla miaka ya 1930, sasa haupo, sababu ni miti ya kigeni. Hoja nzuri sana, yenye ramani ya kuithibitisha. Akataja pia, kama jambo la kupitisha, kwamba mama mmoja aliyemkaribisha chai alitazama picha ya mmea, akauliza nani amemwambia uko pale. "Nikamwambia ramani. Akasema ni sawa."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua programu yangu nikaisoma kama inavyosoma kompyuta, mstari kwa mstari. "Sehemu ya karibu kabisa yenye kimo hicho." Mji wa Voi uko tambarare, chini ya mita 700. Futi 4,000 ni mita 1,219. Sagalla unafika kimo hicho. Lakini Mbololo pia unafika na kupita, upande wa kaskazini-magharibi wa mji, na Kasigau pia, mbali zaidi kusini. Programu ilichagua Sagalla kwa sababu moja tu, kwamba uko karibu zaidi na Voi. Haikumwambia mtu kwamba ilikuwa inachagua, na mimi niliyeiandika sikuwa nimeiambia iseme.

Na milima ile si kitu kimoja, ingawa ukiwa kwenye barabara ya Mombasa unaiona yote kwa wakati mmoja. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, milima ya kale iliyotenganishwa na nyika kavu kwa muda mrefu sana, kiasi kwamba kiumbe cha mlima mmoja huweza kukosekana kwa jirani yake. Kuna amfibia wasio na miguu, wanaoishi udongoni na kuonekana kama minyoo minene. Wa milima ya Taita alipewa jina la kisayansi mwaka 1935, Boulengerula taitana. Wa Sagalla alifikiriwa kwa muda kuwa ndiye huyohuyo, hadi mwaka 2005 alipotambuliwa kuwa spishi nyingine, Boulengerula niedeni, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Ukikosea mlima hapo, umekosea kiumbe.

Jumanne nilifika mapema kuliko mzee. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunigombeza. Alikwenda kwenye kabati la pembeni akatoa fotokopi ya daftari la yule mkusanyaji, iliyoshikiliwa kwa kamba ya kiatu. Akatafuta namba ya sampuli. Namba iliyotangulia, tarehe ileile: msitu wa Mbololo. Namba iliyofuata, tarehe ileile: msitu wa Mbololo. Namba yetu, katikati: alama ya kurudia, yaani kama hapo juu. Aliyepiga lebo kwa taipu miaka hiyo hakunakili alama hiyo. Aliandika stesheni ya reli ambako vifurushi vilipakiwa.

"Mtu wa miguu," mzee akasema, "hawezi kuwa Mbololo asubuhi, Sagalla saa sita, Mbololo tena jioni. Hata leo kwa pikipiki ni kazi."

Sentensi hiyo nimeigeuza kuwa programu, na ndiyo sehemu pekee ya mradi huu ninayojivunia. Unapanga sampuli kwa jina la mkusanyaji, kisha kwa namba zake, unachora mstari kutoka nukta hadi nukta kufuata tarehe. Papo hapo unaona safari ya mtu. Mara nyingi inatiririka vizuri: stesheni, mlima, kambi, mlima, stesheni. Halafu ghafla mstari unaruka kilomita mia mbili na kurudi siku hiyohiyo. Hapo pana kosa, na unajua ni lebo gani ya kutazama. Wale marehemu wamegeuka wasimamizi wangu.

Kuhusu nukta yenyewe, nilikuja kugundua kwamba shida yangu ilikuwa imeshatatuliwa muda mrefu. Mwaka 2004 John Wieczorek na wenzake wawili walichapisha makala kuhusu njia waliyoitumia wakati majumba ya makumbusho ya Amerika Kaskazini yalipokuwa yakiweka sampuli zake za mamalia kwenye ramani. Wanasema usichore nukta, chora duara. Katikati ni makisio yako, na nusu kipenyo ni kiasi unachoweza kuwa umekosea: ukubwa wa mji, utata wa neno "karibu na", tofauti ya mifumo ya vipimo, uchache wa tarakimu, vyote vinajumlishwa. Darwin Core ina safu yake kabisa ya kutaja kosa hilo kwa mita. Nilikuwa nimeiona safu hiyo siku ya kwanza. Niliiacha tupu kwa sababu haikuwa ya lazima.

"Karibu na Voi, futi 4,000" inastahili duara linalofunika Sagalla na Mbololo kwa pamoja. Kilomita 20 hivi. Baya kulitazama, linajaza kioo chote cha simu. Yule dada angeliona angecheka, akafunga tarakilishi, akaenda kumtafuta mzee. Baada ya daftari, duara limeshuka hadi kilomita 3, liko Mbololo, na kando yake kuna maelezo: nani alikisia, lini, kwa kutumia nini. Maneno ya asili ya lebo yamebaki yalivyo kwenye safu yake, hayaguswi na mtu, hata yenye makosa ya tahajia. "Teita" itabaki "Teita".

Nimeondoa pia uwezo wa ramani kuonyesha desimali sita kwa kitu chochote ambacho hakikupimwa kwa GPS. Mteja mmoja wa kazi nyingine aliniambia duara linaonekana kama mtu asiye na uhakika. Nikamjibu ndiyo, ndivyo linavyopaswa kuonekana.

Limebaki lile la kutotaja jina. Tulipokuwa tayari kugawa data nje, nilidhani kugawa ni kugawa, wazi ni wazi, mimi ni mtu wa programu huria tangu chuoni na nilikuwa na hotuba yangu tayari. Mzee akaniuliza kama najua bei ya Encephalartos. Ni ile mimea ya kale inayofanana na mnazi mfupi, nayo jenasi yote imo katika orodha ya kwanza ya CITES, yaani biashara ya iliyotoka porini imepigwa marufuku. Huko Afrika Kusini huchimbwa usiku na kuuzwa kwa watu wenye bustani za kifahari. Ukimpa mwizi duara la kilomita 20 hatajisumbua. Ukimpa GPS ya mwaka huu yenye kosa la mita 5, umempa funguo za nyumba. Kadiri ramani yangu inavyokuwa bora, ndivyo inavyoweza kudhuru zaidi, na hilo lilinichoma, maana ndilo kinyume cha kila nilichoamini kuhusu data.

Tukakubaliana hivi. Ndani ya hifadhidata kila kitu kinabaki kwa usahihi wake. Kinachotoka nje, kwa spishi ambazo mzee na wenzake wameweka alama, kinazungushwa hadi desimali moja ya nyuzi, ambayo ni kama kilomita 11, na rekodi inasema waziwazi kwamba imezungushwa na kwa nini, ili mtafiti asije akadhani ni uzembe. Anayehitaji zaidi aandike barua, ajitambulishe. Sipendi sana mpango huu. Orodha ya spishi za kufichwa inaandikwa na watu watatu chumbani, na wenyeji wa Taita, wanaoijua mimea hiyo kwa majina yao wenyewe, hawakuulizwa. Nimelisema hilo kwenye kikao. Limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, ndipo lilipo hadi sasa.

Yule dada alifuta ule ukurasa wa tasnifu. Safari ya pili, nauli ya Voi nililipa mimi. Hakutaka kuipokea, tukabishana kwa M-Pesa, mimi natuma yeye anarudisha, mpaka mzee akatuambia tuache ujinga. Alikaa Mbololo siku nne akiwa na kijana wa pale anayezijua njia zote. Siku ya tatu usiku alinitumia ujumbe: namba mbili, halafu "kosa mita 6", halafu "ipo mitano, mmoja una maua". Chini yake akaongeza: "Usithubutu kuiweka kwenye ramani kabla sijarudi."

Sijaiweka. Na zile nyingine zilizopandishwa milimani na programu yangu nimezishusha zote, zinasubiri madaftari. Tunapitia kumi kila Jumanne. Juzi tulikwama kwenye lebo moja iliyoandikwa "Pwani, baada ya mvua", bila tarehe. Mzee aliitazama muda mrefu, akaniambia nichore duara kubwa.